Lockout (2012): mahakama imesema wameiga, mimi nasema bado ni tamu

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Leo nataka kuitetea muvi moja bila kumung'unya maneno. Inaitwa Lockout, ya 2012, steringi ni Guy Pearce. Haina jambo jipya. Kama umekulia kwenye muvi za kibabe, hazipiti dakika kumi utakuwa umeshajua nani atakufa, nani msaliti na nani ataondoka na yule dada. Pamoja na hayo naiweka kwenye muvi zangu za kurudia, na naona wengi wanaoiponda wanaipima kwa kipimo kisicho chake.

Kwa ambao hawajaiona: ni mwaka 2079. Snow, jasusi wa CIA, anabambikiwa kesi ya kumuua mwenzake na kuuza siri za serikali. Anahukumiwa miaka 30 kwenye gereza la MS One, ambalo limejengwa angani na linaizunguka Dunia. Wafungwa wa kule hawalimi wala hawatolewi nje kuota jua. Wanalazwa usingizi wa kugandishwa mpaka kifungo kiishe. Sasa binti wa Rais wa Marekani, Emilie, anapanda huko kuchunguza madai kwamba usingizi ule unaharibu akili za watu. Mlinzi wake anaingia na bastola kwa siri, mfungwa mmoja kichaa anaikwapua, na muda si mrefu gereza zima liko macho na binti wa Rais ni mateka. Serikali inamgeukia Snow: kamtoe binti, nasi tukuachie.

Mpaka hapo wazee wa muvi mmeshajua natokea wapi. Ni Escape from New York ya mwongozaji John Carpenter, ya 1981. Kule kisiwa kizima cha Manhattan kimezungushiwa ukuta kikawa gereza, ndege ya Rais inaanguka ndani, na mhalifu Snake Plissken, aliyewahi kuwa shujaa wa vita, anapewa saa zisizofika 24 akamtoe Rais kwa malipo ya uhuru wake. Badilisha Rais weka binti yake, badilisha Manhattan weka anga za juu, basi.

Na haya si maneno ya vijiweni. Carpenter alikwenda mahakamani Ufaransa, maana Lockout ni kazi ya kampuni ya Luc Besson, mtengeneza filamu wa Kifaransa, na imeandikwa kabisa kwamba imetokana na wazo halisi la Besson. Mwaka 2015 mahakama ya Paris ikasema hapana, hili limechukuliwa. Waliyataja yaliyofanana moja baada ya jingine: shujaa mkaidi mwenye dharau na historia ya ushujaa, kuingia gerezani kwa chombo bila kugundulika, wafungwa wanaoongozwa na watu wawili, rafiki wa zamani anayekutwa humo ndani kisha anakufa, mkoba unaosakwa, na nyaraka za siri ambazo shujaa anabaki nazo mwishoni. Wakaamuru walipe yuro 80,000. Wakakata rufaa, na mwaka 2016 mahakama ya rufani ikawapandishia mpaka yuro 450,000.

Kwa hiyo kuhusu kuiga, kesi imefungwa. Sitabishana na hilo. Ninachotaka tujadili ni kwa nini muvi hii, ambayo imethibitishwa na hakimu kuwa ya kuiga, inamshika mtu kwenye kiti dakika 95 bila kupumua, wakati kuna nyingine zinazojisifu kwa upya na hazifiki nusu watu wanachukua simu.

Jibu langu la kwanza ni mdomo wa Snow. Muvi inaanza jamaa amefungwa kwenye kiti anahojiwa. Kila akiulizwa anajibu kejeli, kila akijibu anakula ngumi, na anarudi na kejeli nyingine. Hiyo picha moja inakumalizia kila kitu: huyu mtu haogopi, haheshimu mkubwa, na hata akijua mdomo utamponza hawezi kuufunga. Guy Pearce watu wamemzoea kwenye mambo mazito, Memento ya 2000 na L.A. Confidential ya 1997. Humu kajaza misuli, kashika sigara, na anayatamka maneno yake kwa raha ambayo unaiona usoni. Mwigizaji akifurahia kazi, mtazamaji anaambukizwa.

La pili ni mwendo. Hakuna kupoteza muda. Hawakukalishi chini dakika ishirini wakueleze gereza linaendeshwaje, nani alilijenga na kwa sera gani. Mlango unafunguliwa, risasi zinaanza. Kile kinachohitaji kuelezwa kinaelezwa huku watu wanakimbia.

La tatu nitalirudia chini, ni ule mruko wa mwisho. Ambaye hajaiona asisome sana komenti.

Muvi za namna hii ni kama muziki wa dansi. Ukienda kuwasikiliza Msondo au Sikinde, unajua kabisa baada ya mashairi sebene linakuja. Hakuna anayesimama akadai mbona sebene lilikuja na juzi. Watu wanaangalia gitaa limepigwa vipi.

Karibuni.

#2 – Mdau wa Sinza

Mkuu umeandika vizuri ila umezunguka sana kutetea wizi. Mtu kachukua kazi ya mwenzake, kaandika "wazo halisi", kapiga hela. Halafu sisi tukae tumpigie makofi kwa sababu steringi ana mdomo? Vijana wetu wanaoandika script hapa Bongo wanalia kila siku kuibiwa stori. Ukishasema utamu unafuta kosa, umewamaliza.

#3 – Mdau wa Mbagala

Nimekaa hapa, endeleeni.

#4 – Mleta uzi

Mdau wa Sinza, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Sijasema utamu unafuta deni. Deni lilipwe, na limelipwa kwa amri ya mahakama. Mimi nafurahi Carpenter na mwandishi mwenzake Nick Castle walipata haki yao. Kilichonikera kwenye kesi ile ni lile neno "halisi". Wangesema tangu mwanzo kwamba tumelipenda wazo la mzee Carpenter, tumemlipa, tumelipeleka angani, nani angenuna?

Na ujue hili si jipya. A Fistful of Dollars ya 1964, ile iliyompaisha Clint Eastwood, imechukuliwa kwenye Yojimbo ya Akira Kurosawa ya 1961. Wajapani wakadai, mambo yakamalizwa kwa makubaliano, wakapewa asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima. Lakini leo ukimwambia mtu muvi ile haifai kwa sababu iliigwa, atakushangaa. Sergio Leone, mwongozaji wake, alichukua mifupa ya mtu akaiwekea nyama yake: yale macho yaliyovutwa karibu mpaka unaona jasho, ule ukimya kabla ya risasi, ule muziki wa Ennio Morricone. Alikosea kutolipa. Hakukosea kutengeneza.

Hao vijana wetu wa script ndio hasa nawafikiria. Kwa kawaida hakimiliki hailindi wazo tupu. Wazo la "mfungwa katumwa kumuokoa mkubwa ili aachiwe" ni la kila mtu. Kinacholindwa ni jinsi ulivyolitekeleza, mpangilio wa matukio, wahusika, vitu vidogo vidogo vilivyopangwa pamoja. Besson na wenzake walinaswa kwa sababu walibeba mpangilio mzima mpaka mkoba. Kijana wa Dar akilijua hilo, anajua wapi aazime na wapi aache.

#5 – Mdau wa Upanga

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Mimi ni wa enzi za majumba ya sinema ya Avalon, Empire, Empress na New Chox. Wikiendi ilikuwa ni Drive-In pale Msasani, eneo ambalo sasa ni Ubalozi wa Marekani, familia nzima ndani ya gari na chakula kimefungwa kutoka nyumbani.

Nawaambieni, hatukuwahi kuulizana filamu ilitoka wapi. Chukueni Sholay ya 1975. Mle ndani kuna Kurosawa na Seven Samurai yake ya 1954, kuna Leone, kuna kauboi wa kila aina, vyote vimechanganywa na nyimbo za Kihindi. Mtu mzima akitoka ukumbini anatembea kama Amitabh, na anakusimulia kifo cha Jai, mhusika wake Amitabh, huku machozi yanamlenga. Na yule Gabbar, adui, ndiye watoto waliyekuwa wanamuiga zaidi. Sasa niambie, hayo machozi yalikuwa ya kuigwa?

Naunga mkono hoja. Hiyo Lockout sijaiona, nitamwambia mjukuu anitafutie.

#6 – Dada wa Tabata

Mimi nimeiona na niliipenda, ila mbona wote mnamzungumzia Snow tu? Emilie ndiye anayeifanya muvi isiwe ya mtu mmoja kujisifu.

Kumbukeni, Snow anampeleka mpaka kwenye chombo cha kutorokea, kazi iishe. Emilie angeweza kupanda akaondoka. Anakataa, kwa sababu anajua akishatoka salama, serikali haitaona shida kulilipua gereza na mateka wengine waliobaki ndani. Hapo ndipo nilipomheshimu. Binti wa Rais anaweka maisha yake rehani kwa ajili ya wafanyakazi ambao hata majina yao hayajui. Snow hana la kujibu, na kwa mtu mwenye mdomo vile, kumnyamazisha ni kazi.

Ila kuna kile kipande Snow anachomkata nywele na kumpiga ngumi ya jicho ili afanane na mfungwa wa kiume. Wameliweka kama kichekesho. Mimi sikucheka. Wangeweza kupata njia nyingine.

Halafu huyu Maggie Grace kuokolewa ndiyo kazi yake. Kwenye Taken ya 2008 ndiye alikuwa binti wa Liam Neeson, na humo pia stori ni ya Besson. Ila huku kapewa akili na ulimi wa kujibizana, nafasi ambayo kule hakuwa nayo kabisa.

#7 – Mleta uzi

Dada wa Tabata, umesema kitu ambacho ningepaswa kukiweka juu. Nakubaliana na wewe kwa yote mawili. Kile kipande cha ngumi kinaharibu ladha.

Na ukishaligusa la Emilie, mtazame na mlinzi wake. Wamejifungia kwenye chumba kisichopata hewa, oksijeni inapungua, na yule bwana anapiga hesabu kwamba hewa iliyobaki haitoshi wawili. Anajipiga risasi ili binti apumue. Ndiye yule yule aliyeingia na bastola iliyosababisha balaa lote. Hakuna hotuba ndefu ya kujutia, hakuna muziki wa kulazimisha machozi, ni tendo tu na muvi inasonga. Mnaona? Kitu kama hicho hakiko kwa Carpenter. Watu wanaosema "wamenakili, basi" hawajatazama kilichojazwa kati ya mifupa.

Tuje kwa maadui. Ni ndugu wawili wa Kiskoti. Alex, Vincent Regan, ndiye mwenye akili, anajua mateka ana thamani akiwa hai. Hydell, Joseph Gilgun, ni kichaa wa jicho moja ambaye hakuna anayeweza kumtabiri. Utamu wa hawa ni kwamba hatari ya kwanza kwa Alex si Snow, ni mdogo wake. Kila mpango anaoupanga, yule anauvuruga, na kaka anashindwa kumtupa kwa sababu ni damu. Mwisho Hydell ndiye anayemuua Alex. Mnajua nyumba ngapi zina kaka wa namna ile anayebeba mzigo wa mdogo asiyebebeka? Hili ndilo lililonifanya niwaogope, kuliko zile tatuu.

Nisiwe mpambe, kasoro ipo na ni kubwa. Kile kipande cha mwanzoni cha pikipiki, Snow anakimbizwa mjini usiku, picha za kompyuta ni mbovu mpaka unadhani ni gemu ya zamani. Bajeti haikutosha. Ila wakishaingia ndani ya gereza, kwenye kuta, vyuma na taa hafifu za seti waliyoijenga kule Belgrade, Serbia, mambo yanakaa sawa.

#8 – Mdau wa Kinondoni

Niwaongezee kisa kutoka upande wa magemu. Wale wa PlayStation mnaikumbuka Metal Gear Solid ya 1998? Mhusika anaitwa Snake, mtu wa kutumwa peke yake kwenye ngome ya adui. Hideo Kojima, aliyeitengeneza, hakuwahi kuficha mapenzi yake kwa Escape from New York. Kwenye Metal Gear Solid 2 ya 2001, Snake anajificha kwa jina la Pliskin, wazi kabisa.

Sasa hawa wenye haki za muvi walitaka kumshtaki na Kojima pia. Carpenter akakataa. Alisema anamfahamu mtengenezaji wa gemu ile, ni mtu mwema. Kwa hiyo mzee yule yule aliyewapeleka akina Besson mahakamani, huyu alimwacha.

#9 – Mdau wa Sinza

Hapo sasa umenipa cha kufikiria. Kojima aliiga akitaja alikotoa. Wale wengine waliiga wakisema ni kwao. Basi mimi shida yangu si kuiga, ni kuficha.

#10 – Mleta uzi

Hapo tumekutana, mdau wa Sinza.

Na mtazameni Carpenter mwenyewe. Assault on Precinct 13, ya 1976, kituo cha polisi kimezingirwa na genge usiku kucha. Hiyo ni Rio Bravo ya Howard Hawks, ya 1959, ambako John Wayne ni sherifu aliyezingirwa na majambazi. Carpenter hakuficha. Muvi ile aliihariri mwenyewe, na kwenye orodha ya majina mhariri akaandikwa John T. Chance. Hilo ndilo jina la John Wayne ndani ya Rio Bravo. Yaani alimpigia saluti mwalimu wake mbele ya watu wote. The Thing yake ya 1982, wengi wanayoiona ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, nayo ilikuwa imeshatengenezwa muvi mwaka 1951. Alirudi kwenye hadithi ya asili ya 1938 akaitoa upya, ikawa ya kutisha maradufu.

Na kuna kitu kinanifurahisha kila nikiitazama Lockout. Muvi nzima jamaa anaitwa Snow, Snow. Mwishoni tunaambiwa jina lake la kwanza ni Marion. Marion ndilo jina alilozaliwa nalo John Wayne, Marion Morrison. Kutoka kauboi wa 1959 mpaka mfungwa wa 2079, mlolongo ni mmoja.

#11 – Mdau wa Temeke

Hamjamtaja Lufufu na hamjaitendea haki mada. Muvi za kuiga zilitunoga vibanda umiza kwa sababu kulikuwa na mtu anazitafsiri. Lufufu alikuwa haishii kwenye maneno ya muvi. Anakueleza adui anawaza nini, anakuonya steringi asigeuke nyuma, anaingiza na mambo ya mtaani. Muvi ya Hong Kong ambayo stori yake umeshaiona mara kumi, akiitia mdomo wake inakuwa mpya, na kibanda kizima kinapiga kelele.

Kwa maelezo yenu, Snow ni mtu anayejitafsiria muvi yake mwenyewe. Anachofanya na ule mdomo ndicho alichokuwa anafanya Lufufu kutoka nje.

#12 – Mleta uzi

Mdau wa Temeke, hiyo ya Snow kujitafsiria muvi yake mwenyewe ni nzuri kuliko yote niliyoandika juu.

Sasa niliahidi mruko. Gereza limeshaanza kuporomoka kutoka kwenye mzingo wake, limeshakigonga kituo cha kimataifa cha anga, ndege za kivita zimekuja kulilipua. Hakuna chombo cha kuondokea. Snow na Emilie wanavaa suti za anga na parachuti, na wanaruka. Kutoka angani. Wanaipasua hewa huku moto umewazunguka, kisha parachuti zinafunguka na wanatua barabarani, katikati ya jiji.

Mwalimu wa fizikia atakuambia wangekuwa majivu. Vitu vinavyozunguka Dunia kwa chini chini kule vinakwenda karibu kilomita nane kwa sekunde, na mwendo ule ukikutana na hewa unazaa joto ambalo suti peke yake haiwezi kulihimili. Anasema kweli. Lakini muvi imeshakuzoesha dakika tisini kwamba huyu mtu hakubali kufa, na pale wanaporuka unakubaliana nao kwa moyo wote. Nimewahi kuitazama na watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, wote wakaruka na Snow. Waandishi hawakuwa na wazo jipya la gereza, ila walikuwa na ujasiri wa kumaliza kwa kishindo, na ujasiri huo ni wao, hawakuukuta kwa Carpenter. Kwa Carpenter mwisho ni wa chini chini, mtu anachechemea, anaiharibu kaseti muhimu ya Rais na kuondoka zake. Miisho miwili tofauti kabisa, na yote mizuri.

#13 – Mdau wa Mbagala

Mmenishawishi. Nakwenda kujaziwa flashi jioni. Nianze na ipi, hii au ya 1981?

#14 – Mleta uzi

Anza na Lockout, mkuu. Ukianza na ya Carpenter, utaitazama hii ukiwa unahesabu walichochukua, utakosa raha. Itazame hii kwanza kwa sauti kubwa, na watu, usiku. Kesho yake ndiyo uiweke Escape from New York, peke yako, taratibu. Ile ni ya giza na haina haraka. Mitaa yake iliyokufa waliipiga picha St. Louis, na sauti ya kinanda ni ya Carpenter mwenyewe, aliyetunga muziki pamoja na Alan Howarth. Utaona Snake anatua kwa ndege isiyo na injini juu ya jengo refu usiku, utamkumbuka Snow.

Ukizimaliza zote mbili rudi hapa utuambie yupi ungemtuma akakutolee ndugu yako gerezani. Mimi namtuma Snake. Dada wa Tabata najua atamtuma Emilie.

#15 – Dada wa Tabata

Emilie, na hatamwacha mtu ndani.